Mwanangu karudishwa nyumbani kwa kuvaa utepe begani. Nisaini barua ya shule au nisisaini?

Konda wa G/Mboto

Wadau, habari za jioni. Naomba ushauri wa haraka, maana Jumatatu natakiwa shuleni na mpaka sasa sijajua naenda kusema nini.

Mimi ni konda, gari za Gongo la Mboto. Natanguliza hilo kwa sababu najua kuna watakaoanza na "makonda ndio mnaowanyanyasa wanafunzi". Sawa, hilo tutagombana siku nyingine. Nachotaka mjue ni kwamba sare za shule nazijua pengine kuliko maofisa elimu. Asubuhi nikisimama mlangoni pale kituo cha Banana, najua mtoto ni wa shule gani kwa rangi ya sketi na mistari ya tai kabla hajafungua mdomo. Sare ndiyo inayomfanya alipe nauli ya mwanafunzi. Akija na nguo za nyumbani na kitambulisho hana, nauli ni ya mtu mzima, na hapo ndipo matusi yanapoanzia. Kwa hiyo msinione kama mtu anayedharau sare. Nafanya nayo kazi.

Kisa chenyewe ni hiki. Binti yangu yuko kidato cha tatu, shule ya kata, jina nitaliacha. Vyoo vya wasichana havina maji tangu pampu ilipoungua mwaka jana. Wanachota kwa ndoo kwenye bomba la upande wa walimu, na bomba lenyewe saa nne linafungwa. Wasichana wakiwa kwenye siku zao wengine hawaendi shule kabisa. Haya binti haniambii mimi, anamwambia mama yake, lakini nyumba yetu ni vyumba viwili, nayasikia. Serikali ya wanafunzi ilipeleka malalamiko kwa maandishi, wakajibiwa linashughulikiwa. Wakapeleka tena. Likashughulikiwa tena, kwa mdomo.

Wiki iliyopita darasa lao wakakubaliana kwamba Jumatano kila anayetaka avae utepe wa buluu begani. Ni ule utepe wa kufungia zawadi. Walichangishana, mmoja akanunua roli Kariakoo, wakakata vipande virefu kama kiganja, wakabana na pini juu ya mkono wa shati. Hakuna bango. Hakuna aliyegoma kuingia darasani. Walisimama mstarini, wakaimba wimbo wa taifa kama kawaida.

Mwalimu wa nidhamu akapita mstari kwa mstari na mkasi. Wengi wakavua wenyewe. Kumi na mmoja hawakuvua, na wangu yumo (ukaidi huo kautoa kwa mama yake, mimi simo). Wakakatwa utepe papo hapo wamesimama. Kwa wangu mkasi ukala na shati, tundu kama sarafu ya mia mbili, chini kidogo ya mshono wa bega. Kisha wakapewa barua, kila mmoja aje na mzazi.

Barua ninayo hapa mbele yangu. Inasema mwanangu "amevaa mavazi yasiyo rasmi na kushiriki uchochezi". Chini pana nafasi ya mzazi kusaini kwamba anakiri kosa la mtoto wake, na kwamba likijirudia atamhamisha mwenyewe bila kulalamika. Mtoto naye anatakiwa asaini.

Sasa kinachonichoma. Ikifika wiki ya mechi ya watani, nusu ya shule ile inavaa vibangili vya raba vya Simba na Yanga. Nawapakia, nawaona kwa macho yangu. Binti anasema mwalimu huyo huyo wa nidhamu huwa anawatania mstarini walioshika timu isiyo yake. Siku ya bonanza walivaa fulana zenye nembo ya kampuni ya soda kutwa nzima na walimu wakapiga nao picha. Siku hizo hakuna aliyeitwa mvaaji wa mavazi yasiyo rasmi.

Kuna mtu akarusha picha ya tundu la shati kwenye grupu la mtaa, ikaruka mpaka Instagram, na sasa mtaa mzima ni mahakama. Kijiweni wanasema watoto wametumwa na watu. Akina mama wa genge wanasema bora wao wamesema. Mwenyekiti wa mtaa kanipigia: "Mzee, lipoze hilo." Nilipoze vipi, hakusema.

Swali ni hilo tu. Nikisaini, neno uchochezi linaingia kwenye faili la mtoto na sahihi yangu chini yake. Nisiposaini, hasomi, na mwakani ana mtihani wa taifa.

---

Mama Wawili Tabata

Pole baba. Mimi nitasema tofauti na watakaokuja kukupamba hapa.

Nimesoma na watoto wanaoshushwa na gari getini, mimi natembea na ndala mpaka karibu na shule ndipo navaa viatu, visiishe soli. Tukishaingia mstarini na mashati meupe hakuna aliyejua nani jana kalala na chai ya rangi. Sare ilinisitiri. Mkianza kuruhusu kila mtu aongeze kakitu kake, wa kwanza kuumia ni mtoto wa maskini.

Halafu fikiria ni wewe mwalimu. Leo utepe wa maji, sawa, wote tunaukubali. Kesho anakuja mwingine na utepe wa chama. Keshokutwa kuna wa kumkera mwenzake wa dini nyingine. Utasema upi ukae upi utoke, kwa kipimo gani? Ndiyo maana shule inasema hakuna cha ziada, imeisha. Saini, mtoto asome, maji mkayadai kwenye kikao cha wazazi. Vikao vyenyewe akina baba hamji, tunakaa sisi kwenye madawati ya watoto magoti yakitugusa kidevu.

---

Fundi wa Tandika

Kaka konda, mimi ni fundi cherehani, sare ndizo zinazonilipia kodi kila Januari. Niwaambie tu yanayofika kwenye meza yangu.

Wavulana wanakuja kubana suruali ziwe vimodo. Wajanja wananiambia: "Fundi, piga mshono mkubwa mkubwa na pindo usilikate." Maana yake siku ya ukaguzi anavuta uzi nyuma ya darasa, suruali inarudi bwanga, jioni ananiletea tena. Buku kila safari. Wasichana wanapunguza sketi, lakini si kwa kukata. Wanataka mkanda wa kiunoni niufanye mpana ili aukunje mara mbili akishatoka getini. Walimu wakikasirikia hayo nawaelewa, na mimi nawaambia vijana kabisa, ukishikwa usinitaje.

Lakini utepe wa kubanwa na pini? Shati halijaguswa. Rangi ile ile, kola ile ile, nembo iko mfukoni mahali pake. Ukichomoa pini shati ni jipya. Aliyelibadilisha shati pale ni mwenye mkasi.

Na wewe mama unayesema hakuna cha ziada, mbona mimi nashona hijabu za shule, za rangi anayotaka mkuu wa shule mwenyewe? Kumbe cha ziada kinaruhusiwa, watu wakikaa wakakubaliana.

---

Konda wa G/Mboto

Fundi nimekusoma.

Dada wa Tabata, nakuheshimu na hilo la ndala limenigusa. Ila kikaoni nilikwenda, niliacha gari kwa deiwaka nusu siku na hesabu ya tajiri nikailipa mfukoni mwangu. Maji yalikuwa ajenda ya mwisho kabisa, baada ya mchango wa uji, mchango wa mlinzi na mchango wa mtihani wa majaribio. Tulipoyafikia, wakubwa wakawa wanawahi msiba. Ukiangalia muhtasari utakuta "wazazi waliombwa kuwa wavumilivu". Sasa watoto wasikie nini hapo?

---

Mstaafu wa Chaki

Marahaba kwa wote, hata ambao hamjanisalimu.

Nimefundisha Historia na Uraia katika sekondari za Dar es Salaam, za upande wa Temeke na za upande wa Ilala, na kwa vipindi viwili tofauti nilibebeshwa nidhamu. Mkasi nimeushika. Vimodo anavyovisema fundi nimevifumua mbele ya mstari, na usingizi wangu haujawahi kukatika kwa hilo. Kwa hiyo msinihesabu upande wa wale wanaotaka shule iwe sokoni.

Ila mwenye mkasi lazima ajue anakata nini. Suruali iliyobanwa haisemi chochote, ni mtindo tu, wakubwa tuliubana kuliko wao enzi zetu. Utepe ule ulikuwa unasema jambo, na jambo lenyewe ni pampu. Aliyeukata hakukata vazi.

Kila nilipofika mada ya haki za binadamu nilikuwa nawapa wanafunzi kesi moja ya Marekani, kwa sababu inafanana na umri wao na haina mambo makubwa ya kutisha. Des Moines, jimbo la Iowa, Desemba 1965. Nchi yao iko vitani Vietnam. Watoto wachache wakaamua kuvaa kitambaa cheusi mkononi kuomboleza waliokufa na kuunga mkono vita kusimamishwa. Mary Beth Tinker alikuwa na miaka 13, kaka yake John 15, na mwenzao Christopher Eckhardt 16. Wakuu wa shule walipata fununu. Tarehe 14 Desemba wakakaa kikao wakatunga kanuni mpya: atakayevaa kitambaa aambiwe avue, akikataa arudi nyumbani mpaka atakapokuwa tayari kukivua. Watoto wakavaa, wakarudishwa. Nyumba ya akina Tinker ikamwagiwa rangi nyekundu na watu wasiojulikana. Kesi ikapanda ngazi zote, wakishindwa, mpaka Mahakama ya Juu, na tarehe 24 Februari 1969 majaji saba kati ya tisa wakawapa watoto haki.

Konda, sikiliza hapa, maana hoja yako ya vibangili ndimo ilimo. Majaji waliona kwamba shule hizo hizo zilikuwa zikiwaachia wanafunzi kuvaa beji za wagombea wa kisiasa, na wengine walivaa hata msalaba wa chuma, ule uliozoeleka kama alama ya Manazi. Kote huko kimya. Kilichopigwa marufuku ni kitambaa kimoja, chenye maoni mamoja. Jaji Abe Fortas, aliyeandika hukumu, akasema wanafunzi na walimu hawaachi haki yao ya kutoa maoni getini mwa shule. Akauliza pia maswali ambayo mzazi yeyote angeuliza. Masomo yalivurugika? Kuna aliyepigwa? Haki ya mwenzao ipi iliingiliwa? Katika mfumo wenye wanafunzi 18,000, waliosimamishwa walikuwa watano, na ghasia haikuwapo.

Mama Wawili, hoja yako nayo ilikuwamo mahakamani, na aliyeibeba si mtu mdogo. Jaji Hugo Black, ambaye miaka mingi alisifika kwa kutetea uhuru wa maoni, safari hii aliwapinga wenzake kwa ukali. Alisema wanafunzi wakiachiwa kukaidi amri za wakuu wa shule, huo ni mwanzo wa zama mpya za kulegeza kila kitu. Na tangu hapo mahakama ile imewapunguzia wanafunzi haki hiyo mara kadhaa. Mwaka 2007 iliamua kwamba mkuu wa shule huko Alaska hakuvunja haki ya mwanafunzi kwa kumnyang'anya bango lililoonekana kusifia bangi. Hivyo kipimo unachokitaka kipo, dada. Siyo kipimo cha utepe mzuri na utepe mbaya. Ni je, shule iliendelea kuwa shule siku hiyo au haikuendelea?

Mtasema hiyo ni Marekani. Kweli, hukumu yao haimfungi mwalimu wa Gongo la Mboto. Basi tuje nyumbani. Wakati mahakama ile inasoma hukumu Februari 1969, hapa Dar tulikuwa ndio kwanza tumeanza Operesheni Vijana. Umoja wa Vijana wa TANU uliamua mwishoni mwa 1968, na kuanzia Januari 1969 sketi fupi, mawigi na suruali za kubana zikawa adui wa taifa. Wasichana walivamiwa Kariakoo kwenye mabasi kabla hata operesheni yenyewe haijaanza. Hoja ilikuwa utamaduni, lakini waliopigwa ni wasichana waliokuwa wanawahi kazini. Mji huu una historia ndefu ya kumaliza mambo yake juu ya nguo za wasichana.

Na kabla ya hapo, Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana mjini mpaka Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Walivaa majoho yao ya chuo. Vazi rasmi kabisa, Mama Wawili, hakuna cha ziada! Walilivaa kwa makusudi ili waonekane wao ni akina nani. Mwalimu Nyerere aliwafukuza karibu mia nne, wakarudishwa makwao. Ninavyoona mimi alikuwa na haki ya kukasirika, walikuwa wamesomeshwa na wakulima halafu wanakataa kuwatumikia. Lakini walikuwa pia wamelalamikia mishahara mikubwa ya viongozi, na hilo hakulipita. Siku hiyo hiyo alitangaza kukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Yaani Nyerere, akiwa amechemka vile, aliadhibu na akajibu hoja. Huyu wa kwenu kaadhibu. Pampu je?

Konda, usiende Jumatatu kugombana kuhusu uhuru. Watakushinda, wao wamezoea. Nenda na ombi la kuonyeshwa kanuni ya shule inayokataza utepe, iliyoandikwa kabla ya Jumatano ile. Ikiwapo, ulizia vibangili. Isipokuwapo, kaa kimya uwaache wao waseme.

---

Kijana wa Segerea

Mwalimu shikamoo. Mimi nimemaliza kidato cha nne juzi juzi. Kwetu siku ya mtihani wa mwisho tulisainiana mashati kwa maka peni, tukaambiwa atakayeonekana atazuiliwa cheti. Hakuna aliyezuiliwa. Wanatisha tu.

---

Mstaafu wa Chaki

Marahaba mwanangu. Nyinyi mliharibu mashati ambayo wadogo zenu wangeyavaa. Hilo silitetei, na usilichanganye na hili.

---

Wakili Asiye na Suti

Nimesoma yote. Mimi ni wakili, kesi zangu nyingi ni za mirathi na madai ya nyumba, lakini za watoto zinanipitia pia. Mzee konda, nitakujibu swali lako kwanza: usisaini kama ilivyo, na usikatae kusaini. Kwenye nafasi ile andika kwa mkono wako, "Nimeipokea barua hii tarehe fulani. Sikubaliani na maelezo yaliyomo." Halafu ndipo sahihi. Hapo umeitika wito, hakuna wa kusema mzazi kakaidi, na hujakiri kitu. Binti asisaini chochote wewe hupo, na akisaini aandike maneno hayo hayo.

Sababu ya kulikwepa lile neno: uchochezi ni lugha ya makosa ya jinai. Mwalimu anaweza kusema mwanafunzi kavunja kanuni ya mavazi, hiyo ni kazi yake. Kumwandikia mtoto wa kidato cha tatu uchochezi kwa sababu ya kipande cha utepe ni kumbebesha mzigo ambao siku moja mtu atausoma bila kujua habari ya ndoo na bomba.

Sheria ya kushika mkononi ni Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 11. Inampa mtoto haki ya kuwa na maoni, kuyatoa, kusikilizwa, na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Choo kinagusa ustawi wake, sidhani kama kuna wa kubisha. Katiba ibara ya 18 inasema kila mtu anao uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake. Ibara ya 30 nayo inaruhusu haki hizo kuwekewa mipaka kwa sheria, kwa ajili ya haki za wengine na maslahi ya umma. Shule itaegemea hapo, na haitakuwa imekosea kusema kwamba nidhamu ni maslahi ya umma. Ndiyo maana ushauri wa Mwalimu wa kuomba kanuni iliyoandikwa ni mzuri kuliko hotuba.

Wenzetu Kenya wamefikishana mahakamani kwa mambo haya, na matokeo yamekwenda huku na huku. Januari 2019 Mahakama ya Juu ilitengua ushindi wa wanafunzi wa Kiislamu waliotaka kuvaa hijabu katika shule moja ya Kanisa la Methodist huko Isiolo. Septemba mwaka huo huo Mahakama Kuu ikaamuru msichana wa Kirasta aliyefukuzwa kwa sababu ya nywele zake arudi darasani. Zote mbili zilikuwa za imani. Utepe wa maji haujifichi nyuma ya dini, kwa hiyo usije ukaenda pale na mfano wa hijabu ukadhani umemaliza.

Mahakamani hapa kwetu nisikudanganye. Shauri la haki za msingi linakwenda Mahakama Kuu, linasikilizwa na majaji watatu, na marekebisho ya 2020 yalilibana kwa masharti zaidi. Binti atakuwa ameshazaa wajukuu. Njia zako ni mkuu wa shule, kisha bodi ya shule, kisha ofisi ya elimu ya kata na ya wilaya, kwa maandishi kila hatua.

Kuna kitu kimoja hukukisema na nakuuliza: alichapwa? Kanuni za viboko za 2002 zinataka visizidi vinne, atoe mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo, na iandikwe kwenye kitabu. Kama alichapwa mstarini na yeyote aliyejisikia, hilo ni jambo tofauti na zito zaidi ya utepe.

---

Konda wa G/Mboto

Wakili, Mungu akuzidishie. Hakuchapwa. Walipigishwa magoti kwenye kokoto mpaka kipindi cha pili, basi.

Mwalimu shikamoo. Hiyo habari ya majoho nimewasimulia kijiweni, mzee mmoja anayeuza kahawa kasema aliyaona kwa macho, na sasa hakuna anayenisikiliza mimi tena, wanamsikiliza yeye.

Nimeandika barua yangu. Niwekee macho hapa:

"Mkuu wa Shule. Mimi ni mzazi wa mwanafunzi wa kidato cha tatu. Nimepokea barua yako. Nasikitishwa na uonevu aliofanyiwa mwanangu kwa kukatwa shati. Mwanangu hakufanya uchochezi, alivaa utepe kukumbusha kuhusu maji ya vyoo vya wasichana. Naomba nionyeshwe kanuni iliyovunjwa. Naomba arudi darasani wakati tunaendelea kuzungumza. Naomba pia kujua pampu itatengenezwa lini."

---

Mama Wawili Tabata

Bado nasema wangevua utepe. Lakini kama unaandika, andika vizuri. Toa "uonevu", mkuu wa shule akifika hapo haendelei kusoma. Maji yaweke juu kabisa, shati liende mwisho. Na usiombe kujua pampu itatengenezwa lini, omba itajwe tarehe na omba iingie kwenye muhtasari wa bodi. Hao wazazi wengine kumi wako wapi? Barua kumi na moja zinazofanana siyo sawa na barua yako peke yako.

---

Konda wa G/Mboto

Saba nimewapata kwa simu, wawili hawataki kabisa kusikia, mmoja yuko safari Mtwara. Na binti aingie kikaoni au abaki nje?

---

Mstaafu wa Chaki

Aingie. Na wewe usimsemee. Mwalimu akimuuliza kwa nini alivaa, ajibu mwenyewe, kwa adabu, sentensi mbili tatu. Ukimsemea watasema katumwa.

---

Wakili Asiye na Suti

Marekebisho ya Mama Wawili yapokee yote. Chapa nakala mbili. Moja wanabaki nayo, ya kwako wagonge muhuri wa kupokea na tarehe. Wakikataa kugonga, andika nyuma jina la aliyekataa na saa uliyofika, mzazi mwenzako mmoja asaini kama shahidi, kisha nenda nayo moja kwa moja kwa afisa elimu kata siku hiyo hiyo kabla hajatoka ofisini.